Siku Madoa Yalipoondoka

Kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya meza ileile ya mapokezi, katika kliniki ya meno iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, na kwa miaka hiyo yote watu walimwita Dada Tulia. Jina lilitokana na kazi. Mtu akipanda ngazi ameshika shavu, machozi yanamlengalenga, dada aliinua macho kutoka kwenye daftari akamwambia, "Tulia, kaa pale, tazama samaki." Wengi walitulia. Wasiotulia walipelekwa mbele ya foleni, maana jino lisilodanganyika kwa samaki ni jino la kung'olewa.

Hakuna aliyemwajiri kulea samaki. Tangi lilikuwa la daktari mwenyewe, yule tuliyekuja kumwita Daktari Mzee baada ya mwanawe naye kuwa daktari. Alilisimamisha ukutani, mkabala na viti vya wagonjwa, akisema mtu anayetazama samaki husahau kusikiliza mlio wa mashine chumba cha pili. Mwanzoni aliwalisha mwenyewe. Kisha asubuhi moja akawa na haraka, akamwachia dada kopo la chakula, na tangu hapo kazi ikawa imehamia mkono mwingine bila mtu kuandikiwa barua. Ndivyo kazi nyingi za wanawake maofisini zinavyoanza, na wala haziishi.

Samaki walikuwa wa dhahabu, watano, na mkubwa wao aliitwa Mwenyekiti. Alikuwa mnene, rangi imempauka tumboni kwa uzee, na alipenda kukaa katikati ya tangi uso umeelekea wagonjwa, akifungua na kufunga mdomo kana kwamba anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Alikuwa na miaka kumi na minne. Daktari Mzee alimnunua mwenyewe siku aliyomaliza deni la jengo, na kila akitoka chumbani kwake na glavu mkononi alimpigia kioo kwa kidole, mara moja tu, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Katika mwaka wake wa pili dada alifanya kosa ambalo baadaye alilisimulia kwa mamia ya watu. Daktari alikuwa safarini. Dada akaona vidoa vyeupe kwenye mashavu ya samaki mmoja dume, akapiga mbio hadi duka la samaki, akaambiwa ni vimelea, akarudi na chupa ya dawa ya buluu. Kwa wiki nzima aliwatibu. Maji yakawa kama wino, wagonjwa wakawa wanatazama ukuta. Daktari aliporudi alivaa ile miwani yake ya kukuzia, anayotazamia meno yaliyotoboka, akainama mbele ya tangi, akakaa hapo kitambo. Alipoinuka alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Binti yangu," akasema, "huyu haumwi. Huyu anataka kuoa."

Akamvalisha miwani ile ili aone mwenyewe. Vidoa vilikuwa kwenye mashavu tu na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni, vimepangwa sawasawa, kila kimoja na nafasi yake. Ni alama ya dume aliyefikia msimu wake. Madoa ya ugonjwa, daktari alimwambia, hayajui foleni. Hukaa popote, mkiani, mgongoni, hata kwenye jicho, kana kwamba mtu amemmwagia samaki chumvi ya mezani. Tena usingoje madoa. Tazama tabia kwanza. Samaki akianza kujikuna kwenye mawe, akibana mapezi, akihema haraka, akienda kusimama pale mapovu ya hewa yanapotoka, huyo ameshaumwa hata kama ngozi yake inang'aa.

Na akamfundisha jambo moja zaidi, ambalo wenye samaki wengi hawalijui mpaka wawazike. Doa unaloliona ni nyumba. Kimelea kimejichimbia chini ya ngozi, kinakula, na humo dawa haikifikii. Kikishiba kinatoka, kinazama chini kwenye changarawe, kinajifunika, kinapasuka kuwa mamia, na hao mamia wanapanda kutafuta samaki. Ni hapo tu, wakiwa njiani, dawa inapowaua. "Kwa hiyo siku madoa yanapoondoka," alisema, "mwenye samaki anashangilia, anamwaga maji, anarudisha mambo yake. Hiyo ndiyo siku ya kuogopa. Unaendelea na dawa wiki mbili nzima, unafyonza uchafu wa chini kwa mpira, na mtu akikucheka unamwacha acheke."

Dada hakusahau. Kisa cha samaki anayetaka kuoa akakigeuza kuwa dawa ya kutuliza. Mtoto akilia, mzee akitetemeka, yeye alikisimulia, akijichekesha mwenyewe, na watu wakacheka huku wameshika mashavu. Hakujua kwamba anachonga fimbo na kuiacha mezani.

Daktari Mzee alipata kiharusi akiwa anafunga viatu. Upande wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda kidogo, na mkono uliokuwa ukishika jino la mtu bila kutikisika ukawa haushiki kijiko. Dada alikwenda kumwona nyumbani kwake. Alimkuta kitandani, amewekewa mito pande zote.

"Kijana wangu anajua meno kunishinda," alimwambia polepole, akiyavuta maneno moja moja. "Lakini hapendi kuambiwa. Tangu mdogo. Wewe mwambie tu. Akikasirika, mwambie hivyohivyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, daktari."

"Na Mwenyekiti wangu. Nikiweza tena kupanda zile ngazi, nitakuja kumwona. Mtunze."

Aliahidi yote mawili, na aliahidi kwa moyo mweupe. Alimpenda yule mzee kama mtu anavyompenda baba asiyemzaa, aliyempa kazi akiwa na cheti kimoja na jozi moja ya viatu.

Basi akaja Daktari Kijana. Dada alimjua tangu ana miaka kumi na moja, akitoka shule na kufanya hesabu zake pembeni ya meza ya mapokezi, akiomba chai yenye sukari nyingi katika nyumba ya watu wa meno. Sasa alikuwa na thelathini, mrefu, mikono safi, mwepesi wa kuamua. Alipaka kuta rangi nyeupe, akatupa viti vya zamani, akaleta kompyuta ambayo mgonjwa angeweza kujiandikisha mwenyewe kwa kidole. Wafanyakazi walikuwa watatu tu, dada, muuguzi na mama wa usafi waliyemwita Bi Dekio, na watatu hao walinong'ona kwa wiki sita. Mashine ikishajua kuandikisha wagonjwa, mtu wa mapokezi ni wa nini? Dada hakunong'ona sana. Aliogopa, na hofu yake aliificha kwenye kazi. Alifika mapema, akasugua kioo cha tangi mpaka kikapotea machoni.

Siku moja Daktari Kijana akapanda ngazi na mfuko wa plastiki uliojaa maji na samaki sita wapya, wadogo, wekundu.

"Tangi limepooza, dada. Watano tu, tena wazee. Wamwage humo."

"Tuwaweke pembeni kwanza, daktari, kwenye ndoo yenye pampu yake. Wiki nne. Samaki wa dukani huja na mambo yao."

"Wiki nne?" Akatazama viti vya wagonjwa, akatabasamu. "Mimi hata jino la bandia silingojei wiki nne."

Akafungua mfuko mwenyewe. Dada alikuwa amesema, na moyoni akajiandikia kwamba amesema.

Siku ya nane mmoja wa wale wapya alijikuna kwenye jiwe. Alikwenda kwa kasi, akajigonga ubavu, akageuka, akarudia. Kesho yake walikuwa watatu. Dada alisimama mbele ya tangi kabla ya wagonjwa kufika, akangoja mwanga wa dirisha uingie kwa upande, akaona: doa mkiani, doa mgongoni, mawili juu ya jicho. Hayakuwa na mpangilio wowote. Alimngoja daktari mlangoni, na kwa kuwa daktari alichelewa, alipofika viti vyote vilikuwa vimejaa.

"Daktari, samaki wana vimelea. Madoa meupe. Tukianza dawa leo tutawaokoa wote."

Daktari Kijana aliinama, akatazama nusu dakika, akainuka. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama, na huenda hiyo ndiyo iliyomponza. Mtu mpya hupenda kuchekesha.

"Dada Tulia," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "si ndiye wewe uliyewapa dawa samaki waliokuwa wanatafuta mchumba?"

Ukumbi ukacheka. Kisa chenyewe wote walikijua, yeye ndiye aliyewasimulia. Mzee mmoja mwenye kitambaa shavuni alicheka mpaka akaumia. Daktari akaendelea, maana kicheko ni kama karanga, ukionja moja hutosheki. "Waacheni waoane. Wewe tuandikie wagonjwa, ndiyo kazi yako. Mengine niachie mimi."

Dada naye alicheka. Alicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka, na kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Akarudi mezani, akaandika jina la mgonjwa mara mbili kwenye mstari mmoja. Alichoona si mzaha. Aliona miaka kumi na tisa ikitupwa pamoja na viti vya zamani.

Siku mbili baadaye hata kipofu angeyaona madoa. Daktari Kijana alisimama mbele ya tangi akikuna kidevu, kisha akapita mezani bila kumtazama. "Haya, watibu," akasema. Hakusema kingine, na dada hakungoja kingine. Akaitoa chupa ya dawa kwenye droo ya pili.

Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alitoa mkaa kwenye chujio, maana mkaa hunywa dawa yote na kumwachia samaki maji matupu. Alipandisha hita kidogokidogo, kwa siku mbili, mpaka kipimajoto kikasoma thelathini, kwa sababu kwenye maji ya moto kimelea hukua haraka, hutoka haraka, na hufa haraka kama dawa imekingoja. Alifungua pampu ya hewa mpaka mwisho, kwani maji yakipata joto hupungukiwa hewa. Kila jioni alifyonza changarawe kwa mpira, ndoo mbili, akarudisha maji mapya ya joto lilelile na kipimo cha dawa kilichopungua. Bi Dekio alimsaidia kubeba ndoo, akilalamika kwamba yeye ni wa sakafu, si wa bahari. Maji yakawa buluu. Wagonjwa wakauliza kama ni mapambo.

Siku ya sita ilikuwa Jumatano. Alipofika asubuhi, madoa yalikuwa yameondoka. Mwenyekiti alikuwa katikati ya tangi, ngozi safi, akisoma kumbukumbu zake. Dada alijua hesabu: wako chini kwenye changarawe, wamejifunika, wanajigawa. Alichukua kalamu, akaweka alama kwenye kalenda, wiki mbili mbele.

Daktari Kijana alifika akipiga mluzi. Akasimama, akatazama.

"Wamepona," akasema. "Vizuri sana. Sasa toeni huo wino. Jumatatu wanakuja wenzangu wawili niliosoma nao, wakipapenda hapa tutaungana, tutakuwa kliniki kubwa. Sitaki wakute maji ya kufulia sare. Rudisheni mkaa, badilisheni maji." Kisha akageuka, akatabasamu. Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo baya zaidi. "Au kuna harusi nyingine?"

Bi Dekio alikuwa hatua tatu kutoka hapo, dekio mkononi. Dada aliyasikia maneno yote aliyopaswa kuyasema, yakiwa yamejipanga, tayari: daktari, bado, wako chini, wiki mbili, baba yako ndiye aliyenifundisha. Yalikuwa mafupi. Yangechukua muda wa mtu kufungua mdomo na kutema mate kwenye karai. Na hasira ikamjaa kifuani, tamu, ya siku nyingi, ikamwambia: mwache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Hakuna, daktari," akasema. "Wamepona."

Akatoa dawa. Akarudisha mkaa. Alibadilisha maji mpaka tangi likang'aa kama kioo cha duka. Hita hakuigusa. Si kwa makusudi. Fikra zake zilikuwa kwingine.

Lazima niseme wazi, maana yeye mwenyewe baadaye alijaribu kujidanganya: hakutaka samaki wafe. Alitaka waumwe. Alipiga hesabu kwamba madoa yatarudi mwisho wa wiki, kwamba Jumatatu wageni watakuta samaki wana chumvi mwili mzima, na daktari ataaibika, ataita, "Dada, njoo utusaidie." Yeye angeinuka taratibu. Alikuwa ameshachagua hata sauti atakayotumia, ya upole, ya mtu asiye na kinyongo.

Jumamosi walifunga saa saba mchana. Daktari alikuwa ameondoka saa nne kwenda kuchukua viti. Madoa yalikuwa yamerudi, wala si machache. Wale wadogo walikuwa juu, midomo nje ya maji. Mwenyekiti alikuwa ameacha kiti chake. Alisimama kwenye kona ya mapovu, mapezi yamebana, matamvua yanakwenda mbiombio. Dada alifungua droo ya pili. Chupa ilikuwepo, zaidi ya nusu. Aliishika. Akausikia uzito wake.

"Unawapa?" Bi Dekio aliuliza akifunga madirisha.

"Jumatatu," dada akajibu. "Aone kwa macho yake kwanza."

Bi Dekio alimtazama kidogo, kisha akaenda kumwaga maji ya dekio.

Jumapili alifua nguo uani na mdogo wake, ambaye walikaa pamoja tangu mama yao afariki. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, akawa anaimba.

"Kesho kuna mtu ataumbuka," akasema.

"Nani?"

"Daktari wangu. Samaki wake wameumwa tena."

Mdogo wake akakamua shati. "Na samaki je?"

"Watapona. Nina dawa."

Kuna mambo mawili aliyoyajua vizuri kuliko mtu yeyote katika mji ule, na siku hiyo hakuyakumbuka. La kwanza, hita ilikuwa bado kwenye thelathini, na joto lile lililokuwa linaharakisha kifo cha vimelea, bila dawa liliharakisha uzazi wao. La pili, doa la ngozi ni la kuonekana tu. Kinachoua hukaa ndani ya matamvua, mahali pa kuvutia pumzi, na huko hakuna jicho linalofika.

Jumatatu alifika saa kumi na mbili na nusu. Wapya wote sita walikuwa wanaelea. Wa zamani wawili pia. Wawili walikuwa hai, chini kabisa, kichwa kimeelekea pembeni. Mwenyekiti alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe, mdomo unafunguka kwa mbali sana, unakaa wazi, unafunga. Dada alizima hita, akamimina dawa bila kupima, akamwaga maji ya baridi, akaingiza mikono miwili hadi kwenye viwiko, akamwinua yule mzee mpaka kwenye mapovu. Akamshika hapo. Alikuwa mzito, na utelezi wake ulikuwa umegeuka mkwaruzo. Dada alimwambia, "Tulia." Alisema hivyo mara nyingi. Ilipofika saa mbili kasorobo mdomo haukufunguka tena, na yeye aliendelea kumshika kwa sababu hakujua mahali pa kumweka.

Ndivyo walivyomkuta, Daktari Kijana na wenzake wawili, vijana wenye mashati mazuri. Walisimama mlangoni. Mikono ya dada ilikuwa buluu, gauni limelowa mpaka kiunoni, na analia bila sauti.

Alingoja karipio. Kwa kweli alilitaka. Badala yake Daktari Kijana aliweka mkoba chini, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, uso umemshuka kama wa yule mtoto aliyekosea hesabu.

"Huyu dada alinionya," akawaambia wenzake. "Aliniambia tuwatenge, sikutaka. Akaniambia wanaumwa, nikamcheka mbele za watu. Baba yangu alimpenda huyu samaki kuliko baadhi yetu." Akamgeukia. "Nisamehe, dada. Ulinionya mpaka mwisho."

Mpaka mwisho. Neno hilo lilikuwa pale katikati ya ukumbi, na ilikuwa rahisi kulikanusha. Bi Dekio alikuwa ngazini na ndoo yake. Dada alifungua mdomo. Wageni walikuwa wanamtazama kwa heshima ambayo hakuwa ameionja tangu mzee augue.

"Yameshapita, daktari," akasema.

Wageni walipapenda. Mmoja wao alisema baadaye kwamba bosi anayekiri kosa mbele ya wafanyakazi ni wa kufanya naye kazi. Kabla ya mwezi kuisha kliniki ilikuwa na madaktari watatu, na Dada Tulia akawa msimamizi wa ofisi, na kalamu ya kumwandika muuguzi zamu, na ile kompyuta ikawekwa kona ambako hakuna aliyeigusa. Bi Dekio hakusema lolote. Alianza tu kumwita "madamu," na kila alipoliita, dada alihisi amepigwa.

Ilibaki kumwambia mzee. Daktari Kijana aliahirisha, akaahirisha, mwisho akasema, "Twende wote, dada. Peke yangu siwezi." Wakaenda kwa gari lake siku ya mapumziko, saa za asubuhi.

Daktari Mzee alikuwa sebuleni, amekaa wima, fimbo ya kutembelea kati ya magoti. Alikuwa anafanya mazoezi ya ngazi, alisema kwa fahari. Tatu za hapa nyumbani anazipanda mwenyewe. Mwanawe akapiga goti mbele ya kiti.

"Baba, Mwenyekiti amekufa. Vimelea. Niliwaingiza samaki wapya bila kuwatenga. Dada alinionya mwanzo, alinionya katikati, alinionya mwisho. Sikumsikiliza. Kosa ni langu lote."

Mkono mzima wa mzee ulikuwa unaipapasa fimbo. Kisha akamwekea mwanawe mkono kichwani, jambo ambalo, ukitazama uso wa kijana, hukuhitaji kuambiwa kwamba lilikuwa geni. "Niletee maji," akasema. Kijana akaenda jikoni akijifuta macho.

Mzee akamgeukia dada. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini macho yalikuwa yaleyale yaliyotazama nyuma ya miwani ya kukuzia.

"Mlianza dawa?"

"Tulianza."

"Madoa yakaondoka siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Akasema nini?"

"Akasema wamepona."

"Na wewe ukasema nini?"

Dada alitazama miguu yake. Kutoka jikoni ilisikika glasi ikioshwa. Angeweza kusema uongo mmoja zaidi; alikuwa ameshazoea. "Nilisema wamepona," akajibu.

Mzee alifumba macho. Hakupandisha sauti, na dada aliomba Mungu aipandishe.

"Alikucheka, si ndiyo?"

"Mbele ya ukumbi mzima."

"Basi yeye ndiye aliyekukosea. Mwenyekiti alikukosea nini?"

Dada alisema kwamba leo hii, wakirudi garini, atamwambia Daktari Kijana kila kitu, na kama ni kazi aichukue. Alikuwa anasema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu alihisi kifua kimefunguka kidogo.

"Hapana," mzee akasema. "Hutamwambia." Maneno yalimtoka kwa tabu, na alilazimika kupumzika katikati. "Kijana yule ana miaka thelathini. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema kosa ni langu. Ukimwambia, ataliweka chini kosa hilo, atakukabidhi wewe, na hatalibeba lingine maishani mwake. Mwache nalo. Wewe kaa na lako."

"Daktari, siwezi."

"Ulinyamaza ulipotaka mwenyewe. Sasa nyamaza kwa ajili yangu."

Kijana akarudi na glasi ya maji. Mzee alikunywa, akamshukuru, akasema amechoka, anataka kulala. Ya kupanda ngazi za kliniki hakuyataja tena. Alipompa dada mkono wa kuaga alimpa ule wa kulia, uliolegea, na dada aliushika na kuurudisha juu ya goti lake.

Gari lilifika barabara kubwa.

"Nilipokuwa jikoni, baba alisema nini?" Daktari Kijana akauliza. "Kuhusu mimi."

Dada alikuwa anatazama nje. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia mbele ya duka, anasogeza vumbi upande mmoja, upepo unalirudisha.

"Alisema umekua," akajibu.

Daktari Kijana alipunguza mwendo. Alikaza midomo, akashika usukani kwa mikono miwili, na walipofika kwenye taa nyekundu akamgeukia, macho yamelowa, uso umetulia kama wa mtu aliyeondolewa jino lililomsumbua miaka.

"Asante, dada," akasema. "Bila wewe asingesema hivyo kamwe."

Taa ikawa ya kijani, na wa nyuma yao akapiga honi.